Ini Kwenye Kioo

Darasani tulikuwa arobaini na mmoja, na hesabu hiyo ndiyo iliyoniponza, ingawa kwa haki niseme nami niliisaidia. Somo la kwanza la vitendo katika anatomia lilitaka watu wawili wawili. Mmoja anakaa kwenye kigoda, mwenzake anasimama mbele yake na kumtafuta mifupa kwa vidole: mtulinga, mfupa wa kidari, mbavu moja baada ya nyingine kutoka juu kwenda chini. Wanaume walikuwa sita, wakajipanga kona yao. Sisi wanawake tulikuwa thelathini na watano, na wote isipokuwa mimi walikuwa wametoka sekondari juzi tu, nyuso zao bado zina chunusi.

Mimi nilikuwa na miaka thelathini na sita. Binti yangu alikuwa Kidato cha Tatu, bweni upande wa Asumbi, na wengi wa wanafunzi wenzangu wangeweza kuwa dada zake. Kwa miaka tisa nilikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea kule kwetu karibu na Isebania, nikipima watoto uzito chini ya mti wa kanisa na kuwaambia watu walale ndani ya neti. Wauguzi wa kweli walikuwa wakishuka kwenye gari, wanasaini daftari langu, wanaondoka. Nilitaka na mimi siku moja nishuke kwenye gari. Nafasi ya chuo cha uuguzi ilipopatikana Homa Bay nilifika na godoro, sufuria mbili na kiburi changu chote.

Nilipangiwa msichana mmoja wa Sindo, kando ya ziwa. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye sauti iliyozoea kushindana na injini za boti, na hakuwa na hatia yoyote. Alinisalimia, "Habari Mama," akanisogelea, akaingiza vidole chini ya kola ya blauzi yangu kutafuta mtulinga kama alivyoagizwa. Nikampiga mkono.

Sikukusudia. Kwetu Ukuriani mtoto akishapevuka haingii chumba anacholala mamake, wala mama hajifunui mbele ya watu wa rika la watoto wake. Hakuna anayekukalisha chini akakufundisha. Unakua na jambo hilo mwilini, na siku linapoguswa mwili unajibu wenyewe. Kofi lenyewe halikuwa na nguvu, ila lilikuwa na sauti, na chumba kizima kikageuka. Hapo ndipo nilipopaswa kuomba radhi. Badala yake nikasema, kwa sauti ya mama anayefukuza kuku jikoni, "Mtoto, utanigusaje hivyo?"

"Pole, Mama," akasema. Akachukua daftari lake, akaenda kwa yule aliyekuwa amebaki peke yake. Wakawa wawili, nami nikabaki. Mwalimu alikuwa ameinama upande wa wanaume akiwahesabia mbavu, hakuona.

Kuanzia siku hiyo hakuna aliyenigusa. Nisieleweke vibaya, hawakunichukia. Walinipisha mlangoni, walinibebea mfuko, waliniachia kiti cha mbele karibu na feni. Waliniita Mathe, yaani mama kwa lugha yao ya vijana, na nyuma yangu, nilikuja kujua, waliniita Mathe Usiniguse. Heshima yao ilikuwa nzuri sana, na ilinikondesha.

Jambo jingine lilikuwa lugha. Wao kwa wao walisoma kwa Kijaluo. Kiingereza cha kitabuni waliking'oa vipandevipande, wakakitafuna kwa Kijaluo, wakacheka, na kufikia saa sita kila mmoja alikuwa ameelewa jinsi chakula kinavyopita kutoka mdomoni hadi mwisho wa safari. Nikisogea, wote walihamia Kiswahili. Kwa huku kwetu Kiswahili ni cha sokoni na cha ofisini. Mtu akianza kukuongelesha Kiswahili katikati ya gumzo, ujue wewe ni mteja au ni mkubwa. "Mathe, tulikuwa tu tunasema kuhusu utumbo," wangesema, wamekaa wima, kama nimekuja kukagua. Nami nilijibu, "Haya, endeleeni," nikaenda zangu.

Kulikuwa na kiwiliwili kimoja cha plastiki, chenye viungo vinavyotoka na kurudi, figo moja imeshikiliwa kwa gundi ya karatasi. Kila saa kilikuwa kimezungukwa. Sikutaka kupanga foleni nyuma ya watoto nikisubiri zamu ya kushika ini. Niliona ni kujidhalilisha. Siku hizi nikikumbuka najiuliza nilidhani nani alikuwa ananitazama.

Chumba changu kilikuwa kwenye ploti nyuma ya soko, mabati matupu bila dari, joto lake mchana ni la kuokea mkate. Nje majirani walianika omena, dagaa wa ziwani, kwenye neti, na harufu ikaingia hadi kwenye kurasa za kitabu. Nilikula peke yangu, nikasoma peke yangu, nikazima taa mapema kwa sababu hapakuwa na wa kuongea naye. Jumapili moja nilitambua kwamba tangu Ijumaa sikuwa nimesema neno lolote kwa sauti isipokuwa "nipe za ishirini" kwa muuza nyanya. Nikakaa kitandani nikalia kidogo, nikanawa uso, nikaendelea na mfumo wa damu.

Ndipo nikapata wazo ambalo nilijisifu nalo sana. Mwili si ninao? Nina mbavu, nina ini, nina moyo. Kwa nini nimwombe mtu?

Mjini kuna Mwislamu mmoja mwenye duka la vitambaa na vyombo, mtu wa pwani, na nilipenda kwenda kwake kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani, si cha kukagua. Nilimwomba kioo kirefu kuliko vyote alivyonavyo. Akakitoa nyuma ya mikeka, akakipangusa kwa mkono wa kanzu.

"Kioo chote hiki, mama! Kuna harusi?"

"Kuna mtihani."

"Wa urembo?"

"Wa maini na matumbo."

"Basi wewe huhitaji kioo," akasema, "wahitaji mchinjaji." Nilicheka hadi nikashika meza ya watu. Hata leo sijui kama kichekesho kilikuwa kikubwa hivyo, au ni kwamba sikuwa nimecheka muda mrefu. Nilikifunga kioo kwa leso nikakibeba hadi nyumbani nikitembea ubavu ubavu.

Kazi ilianza Jumapili iliyofuata baada ya kanisa. Nilifunga mlango, nikavua blauzi, nikasimama mbele ya kioo na kitabu kimefunguliwa juu ya ndoo. Nilikuwa na wanja wa penseli, na kwa wanja huo nikajichora. Kwanza mbavu zote, nikizihesabu kwa kidole. Kisha ini, kubwa, limelala upande wa kulia chini ya mbavu, nikalipaka rangi hadi likajaa. Mfuko wa chakula upande wa kushoto. Wengu nyuma yake, mdogo, umejificha. Moyo nikauweka mahali pake na kuweka nukta pale unapogonga, nafasi ya tano kati ya mbavu, upande wa kushoto, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga. Nikaweka kidole kwenye nukta. Ulikuwa pale kweli, unagonga. Nilifurahi kama mtu aliyebisha hodi akaitikiwa.

Nilifanya hivyo Jumapili baada ya Jumapili, na jioni za siku za kazi pia. Nilikuwa najitahini mwenyewe. Nasema kwa sauti, "Ini!" na mkono unakwenda. "Wengu!" mkono unakwenda. "Figo ya kushoto!" nageuka, mkono unakwenda. Mwishowe mkono ulikuwa haungoji kichwa. Siku moja nilichora tezi ya shingo, nikaenda dukani kununua maziwa nikiwa nimeisahau. Mama wa duka akaniangalia. "Mama, umechafuka hapo shingoni."

"Hapana," nikamwambia, "hiyo ni tezi." Hakuniuliza tena.

Mtihani wa karatasi nilikuwa wa pili darasani, nyuma ya msichana mmoja tu mwenye miwani. Michoro ya vitabuni sikuwa na shida nayo. Mshale unaelekeza, unaandika jina. Nilipita kwenye ubao wa matokeo mara tatu siku hiyo, mara mbili bila sababu yoyote ya kupita hapo. Nikasubiri mtihani wa vitendo kwa hamu, maana nani alikuwa amejizoeza kama mimi?

Mwalimu wetu alikuwa mwanamume mfupi, mdogo wangu kwa umri, mwenye kuongea polepole. Kwenye kigoda alikuwa ameketi mama mfagiaji wa chuo, aliyejitolea, amefunga leso kifuani na kuniangalia kwa huruma ya watu wa umri mmoja.

"Nionyeshe ini, Mama," mwalimu akasema.

Mkono ukaenda bila wasiwasi. Sikuuona hata ukienda.

"Wengu."

Mkono ukaenda.

"Moyo unagonga wapi?"

Nikaweka kidole na kungoja. Hapakuwa na kitu. Nikabonyeza zaidi, mama wa watu akakunja uso. Nikasikia mwalimu anavuta pumzi kupitia puani.

"Mama, huyu umempindua mzima," akasema. "Ini umelipeleka kushoto, moyo umeuleta kulia. Ungekuwa unamchoma sindano au kumsafisha jeraha, ningekwambia nini?"

Nilimwangalia yule mama, na hapo nikaelewa, na kuelewa kwenyewe kukanitoa jasho. Kwenye kioo, ini langu la kulia liko upande wangu wa kulia. Naliona hapo, nanyoosha mkono hapo. Lakini mtu akikaa mbele yako, kulia kwake ni kushoto kwako. Kichwa kilijua, kwenye karatasi kingekwambia bila kusita. Mkono haukujua. Ulikuwa umefundishwa miezi miwili na mtu asiyewahi kusimama mbele ya mwingine.

Mwalimu akamshukuru yule mama, akamwacha aende. Kisha akauliza, "Ulijizoeza kwa nani?"

"Kwangu mwenyewe."

"Kwenye kioo?"

Nikainamisha uso. Akatikisa kichwa taratibu, si kwa hasira. "Kioo hakiugui, Mama. Marudio ni baada ya wiki tatu. Siku hiyo ulete mtu wako, yule uliyejizoeza naye. Bila mtu hakuna mtihani. Na ukianguka mara ya pili, mimi sina la kufanya. Ni sheria ya chuo, unarudi nyumbani."

Nilitoka nje nikasimama kwenye jua. Ningerudije? Kijiji kizima kilikuwa kimenisindikiza. Kurudi na godoro kichwani baada ya muhula mmoja, nimeshindwa kujua kulia na kushoto! Nilimwona kila jirani akijizuia kucheka. Na chini ya aibu hiyo kulikuwa na kitu kibaya zaidi. Katika mji mzima wa Homa Bay sikuwa na mtu mmoja wa kumwambia, "Njoo ukae hapa nikuguse." Mama mfagiaji nilimwona siku mbili baadaye, akashika ubavu na kusema bado unamuuma. Sikumuuliza.

Jumamosi nikaenda nyumbani. Nilijipa moyo kwamba mtu wangu ni mamangu. Nani zaidi yake? Nilimkuta anapepeta wimbi mbele ya nyumba, nikamsaidia, nikapika, tukala. Nikamweleza polepole: kuna mtihani, unatakiwa ukae tu kwenye kiti, mimi nitatafuta mbavu na ini, haumi, tutafanya mara chache, kisha siku yenyewe nitakuja kukuchukua.

Mamangu aliacha kutafuna. "Utanipapasa wewe?"

"Ndiyo, Mama. Ni masomo."

Nikanyoosha mkono kumwonyesha, nilidhani nitaanza na bega, bega si kitu. Akanipiga mkono. Hakunipiga kwa ubaya. Mkono wake ulimtangulia, nilijua hivyo kuliko mtu yeyote duniani. "Mtoto gani anampapasa mamake?" akasema. "Ngoja nife, wataniosha wenye kazi yao." Akarudi kwenye ugali wake, na baada ya muda akaniongezea mboga, ili nijue hakukasirika.

Lakini mkono uliniwasha. Si ngozi. Ni ile hali ya kunyoosha mkono kwa nia njema ukarudishwa. Nilikuwa mtu mzima, mwenye mtoto, na nilitaka kulia pale pale mezani. Nilijua sasa ni kitu gani nilichompa yule msichana wa Sindo mbele ya watu arobaini. Yeye alikuwa na miaka kumi na tisa, siku yake ya kwanza, na alisema pole.

Jumatatu sikwenda kwake. Jumanne pia. Nilijipa visingizio: ana kikundi, yuko bafuni, anakula. Kiburi hakifi siku moja. Jumatano baada ya masomo nikamkuta amekaa kwenye ngazi za hosteli anasuka nywele za mwenzake, wanaongea Kijaluo kwa kasi. Waliponiona wakahamia Kiswahili, na mwenzake akakumbuka ana nguo za kuanua.

"Karibu, Mathe," akasema, akaniinukia.

"Kaa. Nimekuja kuomba." Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri, yakapotea. "Nina sapu, marudio ya anatomia. Nahitaji mtu wa kujizoeza naye, na siku ya mtihani aje na mimi. Sina mtu."

Aliweka kitana mapajani. Nilidhani angekubali haraka, kwa heshima, nami ningeondoka na heshima yake kama kawaida. Lakini alikuwa msichana wa kusema.

"Lakini Mathe, si ni wewe ulinipiga mkono?"

"Ni mimi."

"Mbele ya watu wote, yawa! Mimi nililia siku hiyo. Nilipigia mamangu simu nikamwambia narudi."

"Sikujua."

"Ungejuaje? Hukuniuliza. Hata jina langu hukuwahi kuniuliza, ulikuwa tu 'mtoto, mtoto.'"

Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nikamwambia nisamehe. Nikaeleza yale ya kwetu, ya mama na chumba, nikaona maelezo yanaelekea kuwa ya kujitetea, nikayaacha. "Nisamehe tu," nikasema. "Sikuwa na haki."

Akachezea kitana. "Sawa, nitakuja. Lakini unaanza wewe."

"Kuanza nini?"

"Kukaa. Mimi nakutafuta kwanza. Siku ile sikumaliza."

Kesho yake alikuja chumbani kwangu saa kumi. Alikiona kioo, akaona alama za wanja kwenye ndoo na kwenye taulo. Nikafunga leso kifuani, nikakaa kwenye mtungi uliopinduliwa, macho yangu nikayaelekeza mlangoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa aibu. Nilikuwa nimekaza kila kitu kinachokazika.

Vidole vyake vilikuwa baridi. Vilianza penye mtulinga, vikateremka polepole kwenye mfupa wa kidari, akihesabu kwa sauti ya chini kwa Kijaluo, achiel, ariyo, adek, kama mtu anayehesabia mtoto ngazi. Alinigusa mbavu. Akaweka kiganja chini yake, upande wa kulia, akasema vuta pumzi, nikavuta, akasema, "Liko hapa, Mathe, limenisukuma."

Aibu haikuja. Kilichokuja sikukitegemea. Tangu nifike Homa Bay hakuna kiganja cha mtu kilichokuwa kimekaa mwilini mwangu, miezi ile yote, hata kwa kunisukuma kwenye foleni, maana walinipisha. Machozi yalinitoka tu, mengi, yakaangukia leso. Akautoa mkono haraka.

"Nimekuumiza?"

"Hapana," nikasema. "Rudisha."

Akaurudisha.

Halafu ikawa zamu yangu, na hapo nikaona jinsi nilivyoharibika. Kila mara mkono ulikimbilia upande usio wake, na yeye ni mwepesi mno wa kutekenyeka, anaruka, anacheka, "Mathe, hiyo ni left yangu!" Tulihangaika siku nne. Siku ya tano yeye ndiye aliyegundua dawa. "Nisalimie," akasema. Nikampa mkono wa kulia, akaupokea kwa wa kulia. "Umeona mkono wako umevuka? Umetoka huku, umekuja huku. Basi ini liko upande unaponisalimia. Kila mgonjwa umsalimie kwanza." Ilikuwa rahisi hivyo. Vitu vyote nilivyokuwa nimevisoma vilikuwa vinangoja salamu.

Tulifanya hivyo kila jioni kwa karibu wiki mbili. Alikuja na wenzake mara moja moja, nikawaambia na wao wanitafute, wakanitafuta, huku wakiongea Kijaluo juu ya kichwa changu bila kuhama. Nilielewa nusu. Haikunisumbua.

Siku ya marudio nilikuwa peke yangu kwenye ratiba. Mwalimu, mimi, na msichana wa Sindo kwenye kigoda, amefunga leso, ameketi wima. Nilimpa mkono, nikamsalimia kama mtu niliyekutana naye siku hiyo, nikaona mkono wangu unavuka. Ini, nikalionyesha. Wengu, nikauonyesha. Figo, moja juu kidogo kuliko nyingine, nikasema kwa nini. Kongosho. Kiwambo, nikamwambia avute pumzi. Mwalimu alikuwa akiandika alama bila kuinua uso, nami niliisikia kalamu yake ikiweka alama za vyema, vyema, kwenye karatasi.

"Moyo," akasema. "Tafuta unapogonga, hesabu dakika nzima, kwa vidole."

Nikahesabu mbavu, nikashuka, nikaweka vidole. Ulikuwa pale. Nikaangalia saa ya ukutani, nikahesabu, na nilipofika nusu dakika nikaanza kuogopa, maana hesabu haikuwa ya kawaida. Jioni zote zile moyo wake ulikuwa wa sabini na kitu, mtulivu kabisa.

"Ngapi?"

"Mia na kumi na nane, mwalimu."

Akainua uso. "Mia na kumi na nane? Mtu ameketi? Rudia."

Nikarudia. Nilijua anadhani nimekosea, na kwamba hapa ndipo naweza kuangukia baada ya kuvuka kote. Nikahesabu kwa midomo. "Mia na ishirini."

Akaweka kalamu chini. Akaja mwenyewe, akashika kifundo cha mkono wa msichana, akaitazama saa yake. Dakika ilichukua muda wake. Mimi vidole vyangu vilikuwa bado kifuani pake, na nilikuwa nausikia moyo uleule anaouhesabu yeye.

"Ni kweli," akasema. Akarudi kwenye kiti. "Sasa nijibu fiziolojia. Mtu ameketi, hajakimbia. Moyo unakwenda mbio kwa nini?"

"Homa," nikasema. "Kupungukiwa na damu. Kupungukiwa na maji. Maumivu. Tezi ikizidi. Woga."

"Huyu ana lipi?"

Nikamtazama. Ngozi yake haikuwa na joto, kope zake hazikuwa nyeupe. Hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa amekodolea macho karatasi ya mwalimu, anajaribu kuisoma kinyume kutoka pale alipoketi.

"Woga, mwalimu."

"Anaogopa nini? Si yeye anayefanya mtihani."

Sikuondoa vidole kifuani pake.

"Ananiogopea mimi," nikasema.